Vikundi vya siasa na msamaha wa kodi Marekani: IRS inakagua nini hasa, na ilikwama wapi 2010–2013

#1 Mzani (mleta uzi)

Wakuu, kila uchaguzi wa Marekani ukikaribia mada hii inaibuka, na kila ikiibuka inaishia kwenye ushabiki. Huyu anasema IRS, mamlaka ya mapato ya shirikisho, ilitumika kuwabana wahafidhina. Yule anasema lile lilikuwa zengwe la wanasiasa tu. Kabla hatujachagua upande, tupite kwenye vifungu, fomu na tarehe.

Kwanza, "kusamehewa kodi" si kapu moja. Kwa siasa, makapu yanayotuhusu ni haya:

501(c)(3): taasisi za hisani, elimu na dini. Anayezichangia anapunguziwa kodi yake mwenyewe, ndiyo maana masharti ni makali. Tangu 1954 haziruhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea wala kumpinga. Si kidogo, si asilimia tano, sifuri.

501(c)(4): taasisi za "ustawi wa jamii". Mchangiaji hapati nafuu ya kodi, lakini jina lake haliwekwi hadharani. Zinaruhusiwa kushawishi wabunge bila kikomo, na kufanya siasa za uchaguzi kiasi, ilimradi hiyo isiwe kazi yake kuu.

501(c)(5) na (c)(6): vyama vya wafanyakazi na vyama vya wafanyabiashara. Kwenye siasa za uchaguzi kanuni zinafanana na za (c)(4).

527: vikundi vya siasa waziwazi. Michango haitozwi kodi, lakini majina ya wachangiaji yanatoka.

Kiini cha ugomvi wote kiko kwenye (c)(4). Sheria yenyewe inasema taasisi iendeshwe kwa ajili ya ustawi wa jamii PEKEE. Kanuni ya Hazina ya 1959 ikalitafsiri hilo "pekee" kuwa KWA SEHEMU KUBWA. Sehemu kubwa ni kiasi gani? Nusu na kidogo? Robo tatu? Ya fedha au ya muda? Hakuna aliyeandika. Ofisa anayepokea maombi anatakiwa apime kitu ambacho mzani wake haujawahi kutengenezwa.

Kwa miaka mingi hilo halikuwasha moto kwa sababu kampuni na taasisi za aina hii zilikuwa na mipaka mikali ya kutumia fedha kwenye uchaguzi. Tarehe 21 Januari 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ikatoa hukumu ya Citizens United, mipaka mingi ikaanguka, na (c)(4) ikageuka chombo kitamu: inaruhusiwa kulipia matangazo ya siasa na haitaji wachangiaji. Kuanzia hapo IRS ikajikuta refa wa uchaguzi, kazi isiyoijua na isiyoitaka.

Karibuni, ila tujadili kwa vifungu.

#2 Chongo la Sindano

Mkuu, swali la haraka. Kama wanataka siasa, kwa nini wasijisajili 527 yaishe?

#3 Hesabu Kavu

Kwa sababu ya majina. 527 inatakiwa ipeleke Fomu 8871 kwa njia ya mtandao ndani ya saa 24 tangu ianzishwe. Saa, si siku. Ikichelewa, michango inahesabiwa kuwa mapato yanayotozwa kodi kwa asilimia 21 kwa kipindi chote ambacho taarifa haikuwepo. Halafu kuna Fomu 8872: kila aliyechangia jumla ya dola 200 au zaidi kwa mwaka anatajwa kwa jina, anwani na mwajiri; kila aliyelipwa jumla ya dola 500 au zaidi anatajwa pia. Sheria hiyo ya kutaja ni ya Julai 2000. Zinazotoa taarifa kwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho (FEC) hazirudii huku, kwa kuwa kule nako majina yanatoka.

Sasa mweke tajiri mmoja mbele ya milango miwili, mmoja una kamera na mwingine hauna. Atapita upi?

#4 Mchokozi

Hamna jipya. Kanuni inajulikana: asilimia 49 siasa, 51 ustawi wa jamii, mnapumzika. Mawakili wote wa Washington wanaijua.

#5 Bi Karani

Mchokozi, hiyo 49 haimo kwenye sheria, haimo kwenye kanuni, na hakuna mahakama iliyoibariki. Ni makisio ya mawakili jasiri. Wenye tahadhari wanawaambia wateja wabaki 40 au chini, na hata hiyo 40 ina asili yake: Juni 2013, katika kusafisha rundo la maombi yaliyokwama, IRS ilitoa njia ya mkato kwa maombi ya (c)(4) yaliyosubiri zaidi ya siku 120. Viongozi wa kikundi wathibitishe kwa kiapo kwamba angalau asilimia 60 ya fedha na asilimia 60 ya muda vinaenda kwenye ustawi wa jamii, na kampeni haizidi 40. Barua ya kukubaliwa inatoka ndani ya wiki chache. Muda wa watu wa kujitolea nao ulihesabiwa. Ile ilikuwa njia ya hiari kwa maombi yale, si kanuni ya kudumu.

Tena kuna hukumu ya Mahakama Kuu ya 1945 iliyohusu Better Business Bureau: neno "pekee" lilipotumika kwenye sheria nyingine ya kodi, mahakama ilisema lengo moja tu lisilostahili, likiwa kubwa, linatosha kuuondoa msamaha hata kama malengo mengine yote ni mazuri. Siku jaji akiamua kuisoma (c)(4) kwa jicho hilo, wa 49 wataumbuka.

Tuchukue kikundi cha (c)(4) kilichotumia dola 400,000 kwa mwaka:

- matangazo ya redio na runinga yanayomtaja mgombea: 150,000
- kampeni ya kupinga muswada: 90,000
- mikutano ya elimu kwa umma: 60,000
- ruzuku kwa (c)(4) nyingine: 40,000
- mishahara na ofisi: 60,000

Mhasibu mvivu anasema siasa ni 150,000 kwa 400,000, yaani 37.5%, tuko salama. Sivyo. Mishahara ile ya 60,000 lazima igawanywe kwa karatasi za muda. Kama mkurugenzi na msaidizi wake walitumia nusu ya mwaka kwenye yale matangazo, ongeza 30,000: sasa ni 180,000, yaani 45%. Na ile ruzuku ya 40,000? Kama hakuna barua inayomzuia mpokeaji kuitumia kwenye kampeni, mkaguzi anaweza kuihamishia upande wa siasa: 220,000, yaani 55%. Kikundi kimevuka mstari bila kuongeza tangazo hata moja. Wengi wanaangukia hapo, kwenye karatasi za muda zisizojazwa na ruzuku zisizo na masharti.

#6 Hesabu Kavu

Niongeze nyama hapo. Hata akibaki 37.5%, kuna kodi ambayo wengi wanaisahau. Kifungu cha 527(f): taasisi ya 501(c) ikitumia fedha kwenye uchaguzi inatozwa 21% ya kiasi KIDOGO kati ya viwili: ilichotumia kwenye siasa, au mapato yake halisi ya uwekezaji (riba, gawio na kadhalika). Kikundi cha Bi Karani kikiwa na riba ya dola 8,000, kidogo kati ya 150,000 na 8,000 ni 8,000. Toa dola 100 zinazoruhusiwa, inabaki 7,900. Asilimia 21 yake ni dola 1,659, kwa Fomu 1120-POL. Kisicho na akiba ya kuzaa riba hakilipi kitu, ndiyo maana vikundi vingi vya aina hii havilimbikizi fedha. Zinaingia mwezi wa nane, zinatoka mwezi wa kumi.

#7 Mchokozi

Sawa, nimenyoosha mikono kwenye 49. Lakini msikwepe jambo lenyewe. Ile kashfa ya 2013: IRS iliwalenga Tea Party, lile vuguvugu la wahafidhina, ndiyo au hapana?

#8 Mzani (mleta uzi)

Majina yalitumika, ndiyo. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Hazina anayesimamia IRS (TIGTA) ya Mei 14, 2013 iko wazi. Ila ukitaka kuelewa kwa nini, fuata faili linavyotembea.

Maombi yote yalikwenda kwenye kitengo kimoja Cincinnati, Ohio. Ofisa wa mchujo anasoma ombi na kuamua: lipitishwe hapo hapo, liulizwe jambo dogo, au liende kwa mtaalamu lifanyiwe kazi kamili. Mwanzoni mwa 2010 walianza kuyatenga maombi yenye jina "Tea Party". Yakaongezwa majina mengine ya vikundi vya wahafidhina, "Patriots" na "9/12". Agosti 2010 vigezo hivyo vikaingia kwenye orodha ya kielektroniki iliyoitwa BOLO, yaani orodha ya kukaa chonjo, ambayo maofisa wote wa mchujo walikuwa nayo. Kufikia Juni 2011 vigezo vilikuwa vimetanuka: vikundi vinavyohusika na matumizi ya serikali, deni la taifa au kodi, na hata maandishi yanayokosoa jinsi nchi inavyoendeshwa.

Lois Lerner, mkuu wa kitengo cha taasisi zilizosamehewa kodi, alipoelezwa Juni 29, 2011 aliagiza vibadilishwe. Julai vikawa vya jumla: siasa, ushawishi au utetezi. Januari 2012 wa chini wakavirudisha kwa mlango wa nyuma, safari hii wakiandika vikundi vya kupunguza au kupanua serikali na vya kuelimisha watu kuhusu Katiba. Mei 2012 ndipo vikasawazishwa. Zaidi ya miezi 18 kwa jumla.

Uchungu mkubwa zaidi haukuwa orodha yenyewe. Cincinnati waliomba mwongozo kwa wataalamu wa Washington, na kwa takriban miezi 13 mengi ya maombi hayo hayakukamilishiwa kazi yoyote, yakipigwa danadana kati ya ofisi mbili. Yalipofufuliwa mapema 2012 zikatoka barua za maswali. TIGTA ilikuta vikundi 170 vilitumiwa barua hizo, na 98 kati yao viliulizwa mambo yasiyohitajika: majina ya wachangiaji, kama kiongozi anapanga kugombea, wazungumzaji wana itikadi gani, watu walijadiliana nini mkutanoni.

Maombi yaliyotengwa yalikuwa 298, na TIGTA ilikagua 296 kati yake. Hadi Desemba 17, 2012: 108 yamekubaliwa, 28 yameondolewa na wenyewe, 160 bado wazi kwa kati ya siku 206 na 1,138, na hakuna hata moja lililokataliwa.

#9 Nahodha wa Faili

Umesahau namba mbili ambazo pande zote mbili hazipendi kuzisikia.

Ya kwanza: katika 298, yenye yale majina matatu yalikuwa 96. Mengine 202 hayakuwa nayo. Ya pili: TIGTA ilipofungua mafaili, takriban asilimia 69 yalikuwa na dalili za kampeni kiasi cha kustahili kuulizwa, na asilimia 31 hayakuwa na dalili za kiasi hicho. Maana yake wavu ulishika samaki wengi halisi, lakini ulifumwa kwa jina badala ya kitendo. Ukitenga ombi kwa sababu bajeti yake inaonyesha matangazo ya dola 300,000 wiki ya mwisho, hakuna wa kukulaumu. Ukilitenga kwa sababu ya neno kwenye kichwa cha barua, hata ukipatia umekosea.

Na ile hoja ya "maombi yalifurika" ipimwe nayo. Maombi ya (c)(4) mwaka wa fedha wa 2009 yalikuwa 1,751. Wa 2010 yalikuwa 1,735. Yalipungua! Yalipanda 2011 hadi 2,265 na 2012 hadi 3,357. Orodha ilianza kabla ya mafuriko. Kilichofurika kwanza kilikuwa habari kwenye vyombo vya habari kuhusu Tea Party. Maofisa walisoma magazeti kama watu wengine.

#10 Chongo la Sindano

Na upande wa kushoto je?

#11 Nahodha wa Faili

Septemba 2017 TIGTA ilitoa ripoti nyingine iliyoangalia vigezo zaidi, na humo yamo "Progressive", warithi wa ACORN (shirika la kutetea watu wa kipato cha chini), na "Occupy". Kwa hiyo si kweli kwamba upande mmoja pekee ndio uliotajwa kwenye orodha. Lakini pia si kweli kwamba mzigo ulikuwa sawa. Ukichukua ucheleweshaji na yale maswali, wahafidhina waliumia zaidi.

Kuna jambo la kando hapa linalochekesha kidogo. Waliokataliwa kweli kipindi hicho, nje ya yale maombi ya TIGTA, walikuwemo matawi ya Emerge America, linalofundisha wanawake wa chama cha Democratic kugombea. 2011 waliambiwa mnanufaisha chama kimoja, hiyo si jamii. Msingi wake ni hukumu ya 1989 dhidi ya American Campaign Academy, chuo cha kufundisha watendaji wa kampeni ambao wahitimu wake walikwenda kwa Republican. Kisu kilekile kilikata kote kuwili.

#12 Mchokozi

Na adhabu? Nani aliwajibika?

#13 Mzani (mleta uzi)

Mei 10, 2013 Lerner aliomba radhi akijibu swali kwenye mkutano wa wanasheria, swali ambalo baadaye ilijulikana lilipangwa. Kaimu kamishna Steven Miller akalazimika kujiuzulu siku tano baadaye. Mei 22 Lerner akajikinga kwa Marekebisho ya Tano ya Katiba, yanayomruhusu mtu kunyamaza asijitie hatiani, mbele ya kamati ya Bunge; Septemba akastaafu; Mei 2014 Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio kwamba amelidharau Bunge. Barua pepe zake nyingi zilipotea diski ya kompyuta ilipoharibika 2011, na hilo likachochea tuhuma kuliko orodha yenyewe. Oktoba 2015 Wizara ya Sheria ikafunga uchunguzi bila kumshtaki mtu: ilisema iliona uongozi mbovu, haikuona ushahidi wa jinai. Oktoba 2017 serikali ikamalizana na vikundi vilivyoshtaki. Kwenye kesi moja ikakiri kosa na kuomba radhi, kwenye nyingine, ya Ohio iliyowajumuisha mamia ya vikundi, ikakubali kulipa dola milioni 3.5.

#14 Msomi wa Usiku

Naomba kueleweshwa. Nimesoma mahali kwamba (c)(4) haihitaji hata kuomba, inaweza kujitangaza yenyewe. Kama ndivyo, mbona walisubiri siku 1,138? Si wangeendelea na kazi?

#15 Bi Karani

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ni kweli, wakati ule (c)(4) iliweza kuanza kazi na kupeleka Fomu 990 (taarifa ya mapato na matumizi) kila mwaka bila barua yoyote ya IRS. (c)(3) ndiyo isiyoweza, ukiacha makanisa na taasisi zenye mapato yasiyozidi dola 5,000 kwa kawaida. Walioomba walitaka barua mkononi: wachangiaji wakubwa wanaiulizia, benki inaiulizia, majimbo mengine yanaiulizia. Bila barua unaishi na wasiwasi kwamba miaka mitatu baadaye IRS itasema hukuwa (c)(4) bali kampuni ya kawaida, na ulipe kodi ya nyuma na riba juu yake.

Desemba 2015 sheria ilibadilika. Sasa (c)(4) mpya inatoa taarifa kwa Fomu 8976 ndani ya siku 60 tangu kuundwa, ada dola 50. Ukichelewa ni dola 20 kwa siku, mwisho 5,000. IRS nayo ina siku 60 kukujibu kwamba imepokea. Jibu hilo SI kibali. Linasema tu "tumekuona". Anayetaka barua kamili anapeleka Fomu 1024-A kivyake, kwa ada yake. Kosa ninaloliona likirudiwa kwenye maelezo ya mitandaoni ni kudhani 1024-A inafuta wajibu wa 8976. Haifuti. Ni karatasi mbili.

Sheria hiyo hiyo iliipa (c)(4) mlango wa mahakama ambao awali ulikuwa wa (c)(3). Siku 270 zikipita bila uamuzi, na kama umejibu kila ulichoulizwa, unaweza kuiomba mahakama ikuamulie. Barua ya mwisho ya kukataliwa ikija, una siku 90. Lau mlango huo ungekuwepo 2011, sidhani kama zile siku 1,138 zingefika.

#16 Msomi wa Usiku

Asante sana, Bi Karani. Na barua ya maswali ikija leo, inajibiwaje?

#17 Bi Karani

Kwa utulivu na kwa namba. Soma tarehe ya mwisho kwanza. Ukiona haitoshi, piga simu kwa ofisa aliyetajwa kwenye barua KABLA haijapita, uombe nyongeza na uithibitishe kwa maandishi. Ombi lisilojibiwa linafungwa, na ada hairudi.

Jibu kila swali kwa namba yake. Usiandike "angalia kiambatisho" halafu ukabandika kurasa 200. Ofisa akikosa jibu kwenye kurasa tatu za kwanza anatunga barua ya pili ya maswali. Kwenye shughuli, sema nani anafanya, wapi, mara ngapi, asilimia ngapi ya muda na ya fedha. "Tutaelimisha umma" haisemi kitu. "Mikutano 12 kwa mwaka kuhusu bajeti ya jimbo, 15% ya muda, dola 9,000" inasema.

Swali linalohusu majina ya wachangiaji: uliza kwa adabu lina uhusiano gani na vigezo vya msamaha. Kumbuka ombi likikubaliwa linakuwa waraka wa hadhara pamoja na majibu yako, kwa hiyo usiweke humo ambacho hutaki kisomwe na mpinzani wako. Majibu yanasainiwa na kiongozi kwa tamko linaloweza kumtia hatiani akidanganya. Akijibu wakili au mhasibu, Fomu 2848, ya kumruhusu akuwakilishe, itangulie.

Likija pendekezo la kukataliwa, una siku 30 za kupeleka pingamizi kwa ofisi ya rufaa ya IRS. Usiziruke. Asiyetumia hatua za ndani mahakama inamrudisha mlangoni.

#18 Hesabu Kavu

Kuhusu majina, tangu Mei 2020 (c)(4) haziandiki tena majina ya wachangiaji kwenye Jedwali B, kiambatisho cha Fomu 990 kinachokwenda IRS. Kiasi kinaandikwa, jina linabaki kwenye kabati la kikundi, na lazima litunzwe kwa sababu mkaguzi anaweza kulitaka. (c)(3) na 527 bado zinaandika. Hoja ya IRS ilikuwa kwamba haiyahitaji kwa kazi yake na yakivuja ni hasara kwake. Yaliwahi kuvuja: 2014 ililipa dola 50,000 kumaliza kesi ya National Organization for Marriage, baada ya orodha ya wachangiaji kutolewa kimakosa. Wakosoaji wanauliza: fedha za nje ya nchi zikipita humo, nani ataziona? Swali halali, na sijaona jibu lililonishibisha.

#19 Mchokozi

Mnasema "tangazo la siasa" kama vile linajulikana. Nani anaamua kwamba hili ni la kampeni na lile ni la kupinga muswada?

#20 Nahodha wa Faili

FEC inapenda maneno ya wazi: mpigie kura, mchague, mwangushe. IRS haifungwi na maneno hayo. Mwongozo wake wa 2004 unataja dalili sita za kuelekea kampeni: linamtaja mgombea; linatoka karibu na uchaguzi; linalenga wapiga kura wa uchaguzi huo; linataja msimamo wake; msimamo huo ndio unaomtofautisha na mpinzani; na si sehemu ya mfululizo wa matangazo yanayofanana ya suala hilo. Za kuelekea upande mwingine: linataja muswada au tukio mahususi lisilo mikononi mwa kikundi, linatoka wakati wa tukio hilo, linamtaja mtu kama kiongozi mwenye uwezo wa kulifanyia jambo.

Weka mawili kando kwa kando, yote Oktoba, yote kuhusu seneta anayetetea kiti chake.

La kwanza: "Seneti itaupigia kura muswada wa pensheni Jumanne. Mpigie simu Seneta wako, mwambie apige kura ya hapana." Kikundi kimekuwa kikirusha la aina hii tangu Februari, na kura ipo kweli.

La pili: "Seneta huyu amewasaliti wastaafu mara tatu. Mpinzani wake hatawasaliti. Mwambie imetosha." Hakuna muswada, limeanza Oktoba, linarushwa kwenye maeneo yenye ushindani tu.

La pili halina neno "kura", na IRS italiweka kapu la kampeni bila kusita. Kesi ngumu ni ya katikati: muswada upo, lakini tangazo lilianza wiki tatu kabla ya uchaguzi. Hapo ndipo faili la kikundi linapookoa au kuzamisha: barua pepe ya mkurugenzi ikisema "hili litamwangusha", mwongozo wote umekwisha kazi.

Hazina ilijaribu kuweka mstari mnyoofu Novemba 2013. Rasimu ile ingehesabu hata kuandikisha wapiga kura kuwa siasa za uchaguzi. Maoni zaidi ya 150,000 yakaingia, kulia na kushoto wakiungana kuipinga, ikaondolewa Mei 2014. Tangu Desemba 2015 Bunge likaweka kipengele kwenye sheria ya bajeti kinachoizuia IRS kuandika vigezo vipya vya (c)(4), na likaendelea kukirudia bajeti hadi bajeti. Bunge lililoilaumu IRS kwa kukosa kipimo ndilo lililoikataza kutengeneza kipimo.

#21 Chongo la Sindano

Hiyo ya mwisho nimeisoma mara mbili. Haya, makanisa?

#22 Mzani (mleta uzi)

Yako (c)(3), kwa hiyo kwenye maandishi ya sheria ni sifuri ile ile, lakini ni vigumu kuyakagua: kifungu cha 7611 kinataka ofisa wa ngazi ya juu aandike sababu za msingi kabla hata ya kuuliza. Kesi ya kutajwa ni ya kanisa la Pierce Creek, New York, lililolipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini siku chache kabla ya uchaguzi wa 1992 kumpinga Bill Clinton, likiomba humo humo michango inayopunguzia kodi. Likafutiwa 1995, na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2000. Ni nadra sana. Kanisa linastahili uzi wake, tusiuharibu huu.

#23 Msomi wa Usiku

La mwisho, wakuu. Mtu wa kawaida anajuaje kikundi fulani kimetumia kiasi gani?

#24 Hesabu Kavu

Omba Fomu 990 zake za miaka mitatu. Sheria inakilazimisha kukupa: ukifika ofisini, hapo hapo, ukiandika barua, ndani ya siku 30. Kikigoma, faini ni dola 20 kwa siku hadi 10,000 kwa kila fomu. Nyingi zipo tayari kwenye tovuti ya IRS.

Fungua Jedwali C, Sehemu I-C. Mstari wa 1 ni walichotumia wenyewe kwenye uchaguzi. Wa 2 ni walichowapa wengine wakitumie huko. Wa 3 ni jumla. Gawanya huo wa 3 kwa jumla ya matumizi, Sehemu ya IX, mstari wa 25. Kisha nenda tovuti ya FEC uone kikundi hicho hicho kimeripoti nini kule. Ukikuta FEC kimeandika dola milioni 4 na Jedwali C kimeandika milioni 1.5, umepata cha kuuliza. Angalia pia Jedwali I, la ruzuku: (c)(4) A inaipa B, B inaipa C, kila moja inaandika "ustawi wa jamii", na mwisho wa mnyororo kuna tangazo.

Ukiona kasoro, Fomu 13909 ni ya mtu yeyote kulalamika. Hutaambiwa kilichofuata, siri ya mlipakodi inazuia.

Na jipe subira. Kwa kikundi kinachofunga hesabu Desemba, 990 inatakiwa Mei 15, na kikijaza Fomu 8868 kinapata miezi sita zaidi. Matangazo ya uchaguzi wa Novemba 8, 2022 yaliruhusiwa kuingia kwenye karatasi hadi Novemba 15, 2023, wakati huo waliochaguliwa wako kazini mwezi wa kumi na moja.